Ganda la Pai la Biskuti Zilizosagwa: Namna ya Kulifanya Lishike

Mtu anayesita kuoka pai nyumbani mara chache husita kwa ajili ya kijazo. Maziwa, mayai, limau na ndizi anavijua; anachokihofia ni ganda. Ganda la unga wa ngano linadai siagi baridi, maji ya barafu na mkono usiokawia, na jiko la Kampala saa nane mchana halitoi nafasi kubwa kwa mambo hayo. Ganda la biskuti zilizosagwa ni jambo jingine kabisa: halikandwi, halisukumwi wala halipumzishwi, na mtoto wa darasa la tano anaweza kulitengeneza mradi pawe na mtu mzima wa kusimamia moto. Urahisi huo ndio unaowafanya wengi walidharau. Huchanganya kwa kukisia, huingiza chombo kwenye friji, kisha kisu kinapopita mezani kijazo huenda kwenye sahani na ganda hubaki chini likiwa chenga tupu.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kulifanya ganda hilo lishike katika majiko yetu, yenye oveni na yasiyo nayo, umeme ukiwapo au ukikatika. Vipimo vyote ni vya chombo cha pai chenye upana wa sentimita 23 na kina cha sentimita tatu hadi nne, ambacho hutoa vipande vinane vya kutosheleza.

Kinachozishikilia chenga

Unga wa ngano ukikandwa na maji hufanya utando unaonyumbuka, na utando huo ndio unaoshikilia mkate, chapati na hata ganda la kawaida la pai. Unga uliomo ndani ya biskuti umekwisha kuokwa. Hautafanya utando tena, na ukiutia maji utapata uji. Chenga za biskuti, kwa hiyo, zinashikwa na vitu viwili tu. Cha kwanza ni mafuta, ambayo huzunguka kila chenga yakiwa ya moto na kuganda yakipoa. Cha pili ni sukari, ambayo hulainika ndani ya oveni, ikajipenyeza kati ya chenga, kisha ikawa ngumu ganda linapopoa.

Hapo ndipo mapishi mengi yaliyoandikwa Uingereza na Marekani yanapotupotosha. Husema kwamba ganda hili halina haja ya kuokwa, na kwamba saa moja ya friji inatosha. Kwao inatosha. Ganda lisilookwa linashikwa na mafuta peke yake, na siagi huanza kulegea joto likishapita nyuzi 20 hivi, ikawa majimaji inapokaribia nyuzi 35. Kabale, mji ulioinuka kwa karibu mita 2,000 na wenye jioni za baridi, ganda la namna hiyo linaweza kuvumilia mezani muda wa maongezi marefu. Arua au Gulu, huko kaskazini kwenye joto, mwezi wa Januari au Februari, litaachia kabla wageni hawajamaliza kusalimiana. Msimamo wangu ni kwamba hapa kwetu ganda liokwe, hata kama mapishi yamesema lisiokwe, isipokuwa una hakika kwamba pai itatoka kwenye friji na kuliwa papo hapo. Dakika kumi za moto zinaiingiza sukari kazini, na sukari haitishwi na jua la mchana; adui yake ni unyevu, na huyo tutamshughulikia hapo mbele.

Biskuti ipi itumike

Wamarekani hutumia biskuti za graham, zilizopewa jina la mhubiri Sylvester Graham (1794–1851), aliyehimiza watu kula unga usiokobolewa. Madukani kwetu ni nadra kuzikuta, na hakuna sababu ya kuhangaika kuzitafuta, kwa kuwa zile zinazoandikwa Digestive kwenye pakiti nazo hutengenezwa kwa unga wenye pumba, na ladha yake inakaribiana nazo sana. Kwa pai za limau, pasheni na maziwa, Digestive ndiyo chaguo langu la kwanza.

Biskuti za glukosi na za Marie ndizo za bei nafuu, na hupatikana kila mahali, kuanzia katoni za jumla za soko la Kikuubo, Kampala, hadi kibanda cha pembeni mwa barabara. Tatizo lake ni kwamba zina mafuta machache, kwa hiyo chenga zake hunywa siagi nyingi na bado zikaonekana kavu. Zinafaa kabisa, lakini hazifai kwa vipimo vya Digestive. Biskuti za tangawizi zina sukari nyingi, hushika kwa nguvu na huungua upesi; ladha yake inaafikiana na ndizi, embe na maboga kuliko na limau. Biskuti za krimu, zile zinazokuja mbili mbili zikiwa na krimu katikati, zisagwe pamoja na krimu yake, maana krimu hiyo ni mafuta na sukari, yaani gundi ile ile tunayoitafuta. Wapo wanaokaa wakiikwangua kwa kisu. Wanajitafutia kazi na kuharibu ganda kwa wakati mmoja.

Ukiwa na pakiti usiyoifahamu, soma kiasi cha mafuta kilichoandikwa kwa kila gramu 100. Ikiwa chini ya gramu 15, uzito wa siagi uwe nusu ya uzito wa biskuti. Ikiwa kati ya 15 na 22, siagi iwe kama asilimia 45. Ikipita 25, kama zilivyo biskuti nyingi za siagi tupu, robo ya uzito itatosha. Kanuni hii itakusaidia hata siku duka litakapokuwa limeishiwa na ile uliyoizoea.

Usitumie biskuti zenye vipande vya chokoleti, kwa sababu vipande hivyo huyeyuka na kuacha mashimo, wala wafa, ambazo husagika zikawa vumbi lisiloshika kitu. Dadizi za mitaani nazo, vile vipande vidogo vya unga vigumu, pamoja na utamu wake wakati wa chai, zimekaangwa. Zina ugumu usiosagika vizuri na harufu ya mafuta ya kukaangia ambayo haitoki.

Katika miezi ya mvua, biskuti iliyofunguliwa jana huwa imeshalegea leo. Biskuti laini haisagiki, hugandana tu kwenye mfuko. Zipange kwenye trei, zikaushe kwa dakika tano hadi saba katika oveni yenye nyuzi 150, kisha ziache zipoe kabisa kabla ya kuzisaga, kwa kuwa hata baada ya kukaushwa huendelea kuwa laini hadi zipoe.

Mafuta

Siagi ya ng'ombe ina mafuta kwa asilimia 80 hivi, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni maji. Kwa kazi hii inatosha, na ladha yake haina mbadala wa kweli. Majarini zinatofautiana mno: zile ngumu za kuokea hufanya kazi karibu sawa na siagi, ilhali zile laini za kupaka mkate mara nyingi zina maji mengi zaidi, na maji hayo huingia kwenye chenga na kuzilainisha badala ya kuziunganisha. Soma kopo kabla ya kununua, na kama asilimia ya mafuta iko chini ya 70, iache kwa ajili ya mkate.

Samli inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa na waokaji. Watu wa Ankole, wanaoitumia kutengenezea eshabwe, mchuzi wao wa samli, wanaijua thamani yake tangu zamani. Kwa kuwa ni mafuta karibu matupu, gramu 80 za samli hukaa mahali pa gramu 100 za siagi, na ganda lake hukauka na kuwa jepesi mdomoni kwa sababu hakuna maji ya kulilainisha. Harufu yake, hata hivyo, ina nguvu; iweke kwenye ganda la tangawizi au la glukosi litakalobeba ndizi, na usiipeleke kwenye pai ya limau.

Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, joto ambalo Kampala hulipita karibu kila mchana, na mafuta ya alizeti hayagandi kabisa. Yote mawili yaache.

Vipimo

Kwa Digestive, pima gramu 200 za biskuti, gramu 90 za siagi, vijiko vikubwa vitatu vya sukari na robo kijiko cha chai cha chumvi. Kwa glukosi au Marie, gramu 200 za biskuti, gramu 100 za siagi, vijiko vikubwa viwili vya sukari, na chumvi ile ile. Kwa biskuti za tangawizi, gramu 200 kwa gramu 80 za siagi bila sukari ya ziada. Kwa biskuti za krimu, gramu 220 kwa gramu 60 za siagi, pia bila sukari. Kama siagi yenyewe imetiwa chumvi, usiongeze nyingine.

Asiye na mizani achukue vikombe viwili vya chenga zisizoshindiliwa kuwa gramu 200, na vijiko vikubwa sita vya siagi iliyoyeyushwa kuwa gramu 90. Makisio haya yanafaa, ingawa mizani ndogo ya jikoni ni kifaa ambacho mtu anayeuza pai kwa oda hatakiwi kukikosa.

Chombo kikiwa na upana wa sentimita 20, tumia robo tatu ya vipimo hivi. Kikiwa cha sentimita 26, ongeza kidogo zaidi ya robo. Watu wengi hupunguza kidogo mno kwa sababu wanaona sentimita tatu si kitu, lakini kinachofunikwa na chenga ni eneo lote la chombo, na eneo hupungua kwa kasi kuliko upana.

Hatua ya kwanza: kusaga

Njia ya kawaida ni kuziweka biskuti katika mfuko mzito wa plastiki, kuacha mwanya mdogo wa hewa mdomoni, na kuzipondaponda kwa mpini wa kusukumia chapati, kwanza kwa kugonga na baadaye kwa kuviringisha. Kaveera nyembamba ya sokoni hupasuka kwenye pigo la tatu, kwa hiyo tumia mbili, moja ndani ya nyingine. Kinu na mchi hufanya kazi nzuri zaidi ya mfuko, mradi kinu hicho kisiwe ndicho kinachotwangiwa vitunguu saumu. Blenda ni ya haraka kuliko vyote, lakini iendeshwe kwa vipindi vifupi vifupi, kwa sababu ikiachwa izunguke mfululizo huzigeuza chenga za chini kuwa unga mwembamba huku za juu zikiwa bado vipande.

Chenga zote zinatakiwa zikaribiane kwa ukubwa. Ukiona kipande kinachozidi punje ya mchele, kirudishe kisagwe tena. Kipande kikubwa ndicho mahali ambapo ufa utaanzia siku ya kukata. Kwa upande mwingine, usiendelee kusaga hadi zikawa kama unga wa chapati, kwani ganda la unga mwembamba hushikana mno na kuwa gumu chini ya uma. Biskuti za glukosi peke yake ndizo zinazostahimili kusagwa laini zaidi, kwa kuwa ni kavu na zinahitaji kila chenga ipate mafuta.

Hatua ya pili: kuchanganya, na jaribio la kiganja

Changanya chenga, sukari na chumvi kwenye bakuli kubwa kabla siagi haijaingia. Yeyusha siagi kwa moto mdogo, uitoe mara tu kipande cha mwisho kinapoyeyuka, kwa sababu siagi inayoendelea kuchemka hupoteza maji yake na kubadili vipimo ulivyojipa kazi ya kuvipima. Imimine yote kwa pamoja, kisha ukoroge kwa uma ukikwangua chini ya bakuli, ambako chenga kavu hujificha. Ukimaliza, acha bakuli litulie kwa dakika tano. Dakika hizo si za kupumzika tu: chenga zinakunywa siagi, na mchanganyiko ulioonekana umelowa kupita kiasi hujirekebisha wenyewe.

Sasa chukua kiasi cha kijiko kikubwa, ukifinye ndani ya kiganja, halafu fungua vidole. Donge linatakiwa libaki na alama za vidole vyako, na ukiligusa kwa ncha ya kidole gumba livunjike vipande viwili au vitatu vikubwa. Likimwagika lote, halijapata mafuta ya kutosha. Ongeza siagi kijiko kimoja cha chai baada ya kingine. Likikatalia kuvunjika na kuacha kiganja kikimeremeta, mafuta yamezidi, na dawa yake ni biskuti moja au mbili zaidi zilizosagwa. Msichana anayejifunza nami hapa Busia hufika hatua hii akiwa na haraka ya kubandika. “Shangazi, sasa tayari?” huuliza kabla hata hajakunja ngumi, na jibu huwa lile lile: “Finya kwanza, halafu unionyeshe.” Hakuna kipimo cha gramu kinacholishinda jaribio hili, kwa sababu biskuti ya pakiti moja haifanani na ya pakiti nyingine kwa ukavu, na kiganja hulijua hilo papo hapo.

Hatua ya tatu: kubandika kwenye chombo

Paka chombo siagi kidogo sana. Kama huna chombo cha pai, sufuria pana ya kina kifupi isiyo na mikono hutosha kabisa. Laza ndani yake vipande viwili virefu vya karatasi ya kuokea vilivyopishana katikati, huku ncha zake zikitokeza nje, ili baadaye uweze kuiinua pai nzima.

Mimina theluthi mbili za chenga na uzisogeze kuelekea ukutani pande zote. Anza na kuta, maana ukianza na sakafu utaishiwa na chenga kabla ya kufika juu. Tumia glasi iliyonyooka au kikombe cha kupimia: kando ya glasi ikiuminya ukuta wa ndani, kidole gumba cha mkono wa pili kikae juu ya ukingo kuzuia chenga zisiruke nje. Zungusha chombo kidogo kidogo hadi umalize mzunguko. Kisha mimina zilizobaki katikati na uzilaze kwa kitako cha glasi.

Mahali panapohitaji jicho kali ni kwenye pembe ya chini, pale ukuta unapokutana na sakafu. Chenga hupenda kurundikana hapo, zikafanya tuta nene ambalo halikauki ndani ya oveni na halikatiki kwa uma. Pitisha ukingo wa kijiko kuzunguka pembe hiyo na uisukume akiba iliyorundikana kuelekea juu ukutani. Unene wa nusu sentimita kila mahali ndio unaofaa.

Ni kweli kwamba ganda linapaswa kugandamizwa, lakini lisishindiliwe kama sakafu ya udongo. Gandamiza mpaka uso uwe laini na chenga zisisogee ukizipitishia kidole, kisha acha. Anayeweka uzito wote wa mwili juu ya glasi hupata ganda ambalo wageni watalikata kwa nguvu hadi kipande kiruke kutoka kwenye sahani. Ukimaliza, weka chombo kwenye friji kwa dakika 20, au kwenye friza kwa dakika kumi, ili kuta zisiteleze zikipata joto. Chombo cha kioo kisitolewe kwenye friza na kuingizwa moja kwa moja kwenye oveni ya moto, kwa kuwa kinaweza kupasuka. Kwa chombo cha namna hiyo friji inatosha.

Hatua ya nne: kuoka

Pasha oveni hadi nyuzi 175. Ganda litakalojazwa kisha kurudishwa kwenye moto pamoja na kijazo chake liokwe kwa dakika nane. Ganda litakalopokea kijazo baridi liokwe kwa dakika kumi hadi kumi na mbili, kwa sababu halitapata nafasi nyingine ya kukauka. La biskuti za tangawizi au za krimu lichunguzwe kuanzia dakika ya saba. Katika ganda la kahawia au jeusi, rangi haikuambii kitu, hivyo tegemea pua: harufu ya biskuti inayotoka oveni kwa mara ya pili ni dalili njema, na harufu ya sukari chungu ni dalili kwamba umechelewa.

Ganda likitoka litaonekana laini na lenye unyevunyevu, na mara nyingine ukuta utakuwa umeteleza kidogo. Usifadhaike. Likiwa bado moto, lirudishe mahali pake kwa mgongo wa kijiko, kwa kuwa sukari bado haijawa ngumu na inakubali kuelekezwa. Baada ya hapo usiliguse hadi lipoe, jambo linalochukua kama dakika arubaini juu ya waya au juu ya mafiga yanayopitisha hewa chini yake.

Kwa asiye na oveni, sigiri, yaani jiko la mkaa, hufanya kazi hii vizuri kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa ganda halina haja ya kuumuka bali kukauka tu. Chukua sufuria kubwa na nzito yenye mfuniko bapa, tandaza ndani yake mchanga mkavu uliosafishwa wenye kina cha sentimita mbili, na weka juu ya mchanga vijiwe vitatu vya kulingana au stendi ya chuma. Ifunike na uipashe kwa dakika 15 juu ya mkaa ulioshika vizuri, kisha punguza mkaa wa chini ubaki theluthi moja na hamishia makaa mengine juu ya mfuniko. Hatua hii ya mwisho ndiyo siri yote. Moto ukitoka chini peke yake, sukari ya sakafu huungua wakati kingo za juu zingali mbichi. Weka chombo cha chuma juu ya vijiwe, funika, na uangalie baada ya dakika 12. Mara nyingi litahitaji 15. Funua kwa uangalifu ili majivu yasiingie. Kazi yote ya mkaa ifanyike nje au mahali penye hewa ya kutosha, kwa sababu moshi wake usioonekana huua.

Hatua ya tano: kuziba kabla ya kujaza

Ganda likiwa limeshika, adui aliyebaki ni yule unyevu. Kijazo chenye maji mengi, kama cha pasheni au embe, hulainisha ganda zuri ndani ya usiku mmoja. Kwa ganda litakalookwa na kijazo chake, koroga ute wa yai moja kidogo tu, upake safu nyembamba kwa brashi ndani ya ganda likiwa limetoka kwenye moto, kisha urudishe kwa dakika mbili au tatu hadi ute ukauke na kung'aa. Kwa ganda la kijazo baridi, chokoleti iliyoyeyushwa hufanya kazi hiyo hiyo. Gramu 50 zinatosha kwa sakafu na kuta, na zikiganda hazipitishi maji. Pai itakayoliwa siku ile ile haihitaji kuzibwa.

Vijazo vinavyoafikiana na ganda hili

Ganda hili limezoea vijazo laini visivyohitaji moto mrefu. Mfano unaojulikana sana ni pai ya ndimu ya Florida, ambayo jimbo hilo la Marekani liliifanya pai yake rasmi mwaka 2006. Kwa kawaida hukaa ndani ya ganda la biskuti za graham, na kijazo chake ni kopo la maziwa mazito yenye sukari, viini vya mayai na juisi ya ndimu. Hapa Uganda pasheni inaweza kuchukua nafasi ya ndimu kwa heshima zote: kopo moja la gramu 400 hivi, viini vinne, na mililita 120 za juisi ambayo theluthi yake ni ya limau, kwa kuwa asidi ndiyo inayoyafanya maziwa hayo yagande na pasheni peke yake haina ukali wa kutosha. Mimina ndani ya ganda lililookwa kwa dakika nane, oka kwa dakika 15 kwenye nyuzi 175, poza, kisha weka kwenye friji kwa saa tatu.

Pai ya ndizi na karameli, iliyobuniwa katika mkahawa wa kijiji cha Jevington, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1970, siku hizi wengi huitengenezea ganda la biskuti, na ndizi zetu za bogoya zinaifaa kabisa kwa kuwa ni tamu na hazisambaratiki zikikatwa. Karameli itangulie chini na ndizi zikae juu yake. Ukizipanga ndizi moja kwa moja juu ya ganda, maji yake yatashuka yote. Anayetengeneza karameli kwa kuchemsha kopo la maziwa mazito lisilofunguliwa ahakikishe kopo limefunikwa na maji muda wote wa saa mbili na nusu, na asilifungue hadi lipoe kabisa, maana kopo lililoachwa juu ya maji linaweza kulipuka.

Apendaye ganda lenye ladha ya kwetu zaidi aondoe gramu 40 za biskuti na kuweka mahali pake simsim (ufuta) iliyokaangwa kavu, ikiwa nzima au imepondwa kidogo. Karanga zilizokaangwa na kusagwa kavu nazo zinafaa, lakini siagi ipunguzwe kwa kijiko kimoja kikubwa, kwa sababu karanga huja na mafuta yake. Usizidishe robo ya uzito wa biskuti kwa njia yoyote ile; zaidi ya hapo ganda halitapata sukari na unga wa kutosha kulishikilia.

Kukata na kuhifadhi

Pai iliyotoka kwenye friji huwa imegandana na chombo kwa sababu siagi imekuwa ngumu. Loweka kitambaa katika maji ya moto, kikamue, ukitandaze mezani na ukiweke chombo juu yake kwa nusu dakika. Siagi iliyoshika sakafu italegea bila kuyeyusha kijazo. Kata kwa kisu kirefu kilichochovywa kwenye maji ya moto na kufutwa, ukikisukuma hadi chini kwa mkato mmoja badala ya kukivuta mbele na nyuma. Kipande cha kwanza ndicho kigumu kukitoa, kwa hiyo kata viwili kabla ya kuinua kimoja.

Ganda lililookwa na kupoa, ambalo bado halijajazwa, hukaa siku mbili hadi tatu katika chombo kinachofungwa vizuri bila friji. Lifungwe kweli kweli, kwani sisimizi hulifikia kabla ya mgeni yeyote. Likifungwa kwa plastiki na kuwekwa kwenye friza linaweza kukaa mwezi mzima, na likitoka huko halina haja ya kuyeyushwa: kijazo baridi kinaweza kumiminwa moja kwa moja, na ganda litarudi katika hali yake wakati pai inasubiri kwenye friji. Pai iliyokwisha kujazwa maziwa au mayai isikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na umeme ukikatika kwa muda mrefu, mlango wa friji usifunguliwe hadi urudi.